Kufundisha Mtandao Pasipo Kompyuta: Njia, Milango na Nakala za Akiba

Mada za kompyuta na mtandao zimekwisha kuingia katika masomo ya shule ya msingi, na wanachuo wetu wanapokwenda mazoezini hupangiwa kuzifundisha kama wanavyopangiwa mada nyingine yoyote. Aghalabu hujikuta katika darasa la wanafunzi sitini lisilo na kompyuta hata moja. Wengi hufanya jambo linaloeleweka: huandika ubaoni maana ya neno "mtandao" katika mstari mmoja, huorodhesha faida tano na hasara tano, kisha huwaagiza wanafunzi wanakili. Somo likiulizwa siku ya pili, wanafunzi huikariri ile orodha bila kukosea neno, ilhali hakuna hata mmoja awezaye kueleza ujumbe wa simu hupita wapi tangu unapotumwa hadi unapofika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo mawili kwa pamoja: jinsi mitandao ya makampuni na ofisi kubwa ilivyo siku hizi na jinsi inavyolindwa, na jinsi mwalimu anavyoweza kulifundisha jambo hilo kwa karatasi, chaki na uwanja wa shule. Wazo ambalo tungependa mwanafunzi alishike ni moja. Kila njia inayofunguliwa ili kazi ipite ni njia ambayo madhara nayo yaweza kupita. Kwa hiyo mwenye kuunganisha vitu hana budi kuamua, tangu mwanzo, ni kitu gani kitakachoachwa bila kuunganishwa. Wazo hili halihitaji umeme ili lifundishwe, lakini lahitaji mwalimu anayelielewa yeye mwenyewe.

Mtandao una mahali pake

Mwalimu aanze na vitu vinavyoonekana. Mtandao wa ofisi ni kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa waya au kwa mawimbi ya redio, pamoja na vifaa viwili vinavyoongoza safari za ujumbe. Kimoja ni swichi, ambayo hupokea ujumbe kutoka kompyuta moja na kuufikisha kwa nyingine iliyo katika ofisi ile ile. Cha pili ni ruta, ambayo huutoa ujumbe nje ya ofisi na kuuelekeza katika njia ya kwenda mbali. Ujumbe wenyewe hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, kama bahasha ya posta. Haya yatosha kwa Darasa la Tano. Majina ya vifaa vingine na yasubiri.

Linalofuata ni neno "wingu", na hapa twamwomba mwalimu awe mwangalifu. Watu husema kwamba kumbukumbu zao zimo "winguni", na mtoto anayesikia hivyo huinua macho juu. Hatulipendi sana neno hili, kwa kuwa linaficha jambo lile lile ambalo somo lapaswa kulifichua. Kumbukumbu hizo zimo ndani ya kompyuta zisizo na skrini, ziitwazo seva, zilizopangwa katika makabati ya chuma ndani ya jengo liitwalo kituo cha data. Jengo hilo lina mlango, lina mlinzi, lina mwenyewe anayelipa kodi ya ardhi. Dar es Salaam kipo kituo cha taifa cha namna hiyo, Kijitonyama. Seva hutoa joto jingi, hivyo kituo huwa na mitambo ya kupoza hewa inayofanya kazi usiku na mchana. Na kwa kuwa umeme waweza kukatika, huwa na betri za kushika kazi kwa dakika chache na jenereta za kuipokea kazi kutoka kwa betri.

Umeme unaotumika si haba. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vya dunia nzima vilitumia saa-terawati 415 hivi katika mwaka 2024, yaani kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Tarakimu hiyo haimwambii mtoto kitu mpaka igeuzwe kuwa uniti, kama zile ambazo mzazi wake hununua kwa ajili ya luku: ni uniti bilioni 415. Mwalimu wa Darasa la Saba aweza kuifanya kuwa hesabu. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Likifanya kazi kwa nguvu zake zote, bila kupumzika, kwa saa 8,760 za mwaka, litatoa uniti bilioni 18.5 hivi. Wanafunzi wagawanye, nao wataona kwamba vituo vya data vya dunia vilihitaji zaidi ya mabwawa 22 ya namna hiyo. Mahitaji hayo yanazidi kupanda, hasa kwa sababu ya seva mpya zinazofanya kazi za akili unde. Baada ya hesabu hiyo hatudhani kwamba mwanafunzi ataendelea kutafuta mtandao angani.

Vivyo hivyo na safari za mbali. Wanafunzi wengi, na baadhi ya walimu pia, hudhani kwamba intaneti yote hutoka kwenye setilaiti. Sehemu kubwa mno ya mawasiliano baina ya mabara hupita katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari, ambamo ujumbe husafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili inayohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, ilikatika baharini upande wa kusini, na watu wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakaiona intaneti yao ikizorota. Tukio kama hilo ni zana nzuri ya kufundishia, maana wanafunzi wakubwa waweza kukumbuka simu za nyumbani zilivyogoma.

Boma lenye lango moja

Kwa miaka mingi ofisi zilijilinda kwa mtindo mmoja. Mtandao wa ndani ulizungushiwa ukuta, na mahali ulipokutana na dunia ya nje pakawekwa lango la ulinzi: kifaa kinachokagua kila kipande cha ujumbe kinachoingia na kukizuia kisichoruhusiwa. Aliyekuwa nje alitiliwa shaka, na aliyekuwa ndani aliaminiwa. Kompyuta ya mhasibu iliweza kuzungumza na kompyuta ya ghalani, na ya ghalani ikazungumza na ya mkurugenzi, bila yeyote kuulizwa kitu.

Wanafunzi wa sehemu za wafugaji hawatahitaji mfano mrefu. Boma lina uzio wa miiba na mlango mmoja. Ndani yake ng'ombe, mbuzi na ndama wamelala pamoja. Uzio ukiwa imara, usiku hupita salama. Lakini fisi akishapenya, hakutani na uzio wa pili. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi huwatengea ndama kizimba chao ndani ya boma lile lile.

Ofisi nyingi hazikuwa na kizimba cha ndama. Wakati huo huo ukuta wa nje ulikuwa ukitobolewa na wenyewe kwa sababu za haki kabisa. Wafanyakazi walianza kufanya kazi wakiwa nyumbani na safarini, kumbukumbu zikahamishiwa katika vituo vya data vya makampuni mengine, na programu nyingi zikaanza kupokea masahihisho kutoka kwa watengenezaji wake zenyewe, bila mtu kubonyeza kitu. Kila jambo kati ya hayo ni tundu katika ukuta, na hakuna awezaye kuyaziba yote na bado akafanya kazi.

Siku ya 27 Juni, 2017

Kisa kinachofaa kuliko vyote kulieleza jambo hili ni kile cha kampuni ya Maersk ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa duniani za meli za makontena. Twakieleza kwa kirefu, kwa sababu mwalimu anayekijua vizuri aweza kulisimulia darasa lake kwa dakika kumi na kufundisha kwa muhula mzima kutokana nacho.

Siku hiyo programu haribifu, iliyokuja kuitwa NotPetya, ilienea duniani kwa saa chache. Ilianzia Ukraine, ambako makampuni mengi yalitumia programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc. Wavamizi waliingia kwanza katika seva za watengenezaji wa programu hiyo, wakatia sumu yao ndani ya masahihisho ambayo kila mteja huyapokea. Sumu haikubisha hodi langoni. Ililetwa na mgeni aliyezoeleka, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia. Mnamo Februari, 2018, serikali za Marekani na Uingereza zilitamka kwamba jeshi la Urusi ndilo lililohusika, Urusi ilikana. Shambulio lililenga Ukraine, lakini mtandao wa kampuni haufuati mipaka ya nchi. Kwa mujibu wa habari ndefu iliyochapishwa na jarida la Marekani la Wired mwaka 2018, Maersk ilikuwa imeiweka programu ile ya kodi katika kompyuta moja tu ya ofisi yake mjini Odessa. Hiyo moja ilitosha.

Ikishaingia, NotPetya ilikuwa na njia mbili za kutembea. Ya kwanza ilikuwa kasoro katika mfumo wa Windows. Kasoro hiyo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake tangu Machi ya mwaka ule ule, lakini kiraka kinafaa tu katika nguo iliyoshonwa. Njia ya pili ilikuwa ya hila zaidi: iliokota maneno ya siri yaliyobaki katika kumbukumbu ya kompyuta iliyoathirika, ikayatumia kuingilia kompyuta nyingine. Mwanachuo na atulie hapa kidogo. Kompyuta iliyotiwa kiraka ilikuwa imeufunga mlango wake barabara. Lakini jirani yake ambaye hakutiwa kiraka alikuwa na nakala ya ufunguo, na mwizi aliuchukua kwa jirani. Ndani ya mtandao ambamo kila mmoja anamwamini mwenzake, bidii ya mmoja haimfai kitu iwapo mwingine amezembea.

Skrini zilionyesha maneno ya kudai malipo ili mafaili yafunguliwe. Yalikuwa uongo, kwani waliolipa wasingeweza kurudishiwa chochote. Katika bandari ya Elizabeth, New Jersey, malori yalipanga foleni mbele ya lango ambalo halikuweza tena kuyatambua. Wafanyakazi wa Maersk walirudi kwenye karatasi na simu zao wenyewe. Mwenyekiti wa kampuni, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos mnamo Januari, 2018, kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500, na kazi hiyo ilifanyika kwa siku kumi. Kampuni ilikadiria hasara yake kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Sasa twafikia sehemu ambayo ndiyo kiini cha kisa. Seva nyingi za Maersk zilikuwa na nakala za akiba zenye umri wa siku tatu hadi saba. Lakini lipo kundi moja la seva zinazoshika daftari la watumiaji: nani ni nani, na ana ruhusa ya kuingia wapi. Bila daftari hilo, seva nyingine zote ni vyumba visivyo na funguo. Maersk ilikuwa na seva za daftari zipatazo 150, zilizotawanyika duniani, na kila moja ilikuwa ikinakiliana na nyenzake saa zote. Wahusika waliona kwamba hazihitaji nakala nyingine: moja ikiharibika, 149 zimebaki. Hakuna aliyewaza kwamba zote zaweza kuharibika kwa mpigo mmoja. Nazo, kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa, ziliharibika zote isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa nchini Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikatika katika ofisi ile, seva ikazimika, ikatoka katika mtandao. Sumu ilipopita haikuikuta. Data zake zilihitajika Uingereza, mahali ulipokuwa ukifanywa ukarabati. Njia ya intaneti ya ofisi ile ilikuwa nyembamba mno, hata kuzipeleka kungechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao aliichukua diski, akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye huyo akaruka nayo hadi London.

Tumewahi kusikia kisa hiki kikisimuliwa kama mzaha juu ya umeme wa Afrika. Sisi twakisoma vingine. Kampuni yenye wataalamu wa kila namna ilikuwa na nakala 150 za daftari lake, na kwa hakika ilikuwa na nakala moja tu, kwa sababu kitu kilichoweza kuifikia moja kiliweza kuzifikia zote. Utengano uliowaokoa ulitokea kwa bahati, hali ulipaswa kuwekwa kwa makusudi.

Nakala iliyo kando

Kasoro kama hiyo yaweza kutokea pasipo mvamizi. Tarehe 10 Machi, 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Baadhi ya wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba walitambua kwamba nakala hizo zilikuwa zimewekwa katika eneo lile lile la moto. Mwaka 2025, tarehe 26 Septemba, moto ulioanzia kwenye betri uliunguza kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea ya Kusini, na mifumo 709 ikasimama. Ghala la mafaili ya watumishi wa serikali, lenye terabaiti 858, liliteketea, nalo halikuwa na nakala nje ya jengo. Nchi hiyo ni miongoni mwa zilizoendelea sana katika mambo ya mitandao.

Wataalamu wa siku hizi husisitiza nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Na wengi huongeza sharti kwamba nakala mojawapo isiweze kufikiwa kwa mtandao, au isiweze kubadilishwa ikishaandikwa.

Kuulizwa kila mlangoni

Kuhusu milango, fikra zimebadilika pia. Mwaka 2010 John Kindervag, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya Forrester, alipendekeza kwamba mtandao usimwamini yeyote kwa sababu tu yumo ndani. Agosti, 2020, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wake juu ya mtindo huo. Chini ya mtindo huu mtandao hugawanywa vyumba vidogo. Kila anayetaka kuingia chumba huulizwa yeye ni nani, anatumia kifaa gani, na ana shughuli gani humo. Na hupewa ruhusa ya chumba hicho tu. Jana haimtetei leo.

Mtoto wa Tanzania au Kenya anaufahamu mtindo huu kuliko anavyodhani. Mama yake anapotuma pesa kwa M-Pesa, simu ni yake, laini ni yake, nayo imo mkononi mwake; hata hivyo huombwa namba ya siri kila anapotuma, na akitaka kutuma mara ya pili ataombwa tena. Mwalimu aulize: "Kwa nini simu isimkumbuke?" Majibu ya wanafunzi yatakuwa somo zuri kuliko maelezo yetu.

Tena mfano huo unaonyesha mpaka wa ulinzi wenyewe. Nani hajapata ule ujumbe usemao ile pesa itumwe kwenye namba hii? Mwenye kuutuma habomoi lango lolote. Anamwomba mwenye ufunguo afungue kwa mkono wake. Na mwenye ufunguo aliyesahauliwa ni hatari pia: Mei, 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kulifunga bomba lake la mafuta, na mkuu wake aliliambia Baraza la Seneti kwamba wavamizi waliingia kwa neno la siri la akaunti ya zamani ambayo haikudai uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa bitkoini 75, wakati huo zenye thamani ya dola milioni 4.4 hivi.

Hata mlinzi hana budi kutazamwa. Tarehe 19 Julai, 2024, masahihisho yenye kosa ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike yaliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari za ndege zikafutwa. Hapakuwa na adui siku ile.

Zoezi la darasani

Zoezi tunalopendekeza huchukua vipindi viwili, nalo lahitaji karatasi kuukuu zilizokatwa, chaki, na nafasi ya kutembea. Wanafunzi wagawanywe katika "ofisi" nne, kila ofisi ikikaa pembe yake. Katika kila ofisi mwanafunzi mmoja awe swichi, wa kupokea na kugawa karatasi za ndani. Katikati ya darasa akae mwanafunzi mmoja awe ruta, wa kubeba karatasi baina ya ofisi. Kila karatasi ikunjwe, na juu yake iandikwe jina la mtumaji na la mpokeaji. Kila ofisi iwe na daftari dogo lenye orodha ile ile ya majina kumi, iliyonakiliwa kwa mkono.

Awamu ya kwanza, wapelekeane salamu kwa dakika chache tu, ili wazoee njia. Kisha mwalimu, bila kusema neno, atie katika msafara karatasi moja yenye alama ya msalaba ndani, na atangaze kanuni: anayefungua karatasi yenye msalaba lazima aandike nyingine mbili kama hiyo na kuzituma kwa watu wawili awatakao, na ofisi ambayo watu wake watatu wamepata msalaba hulikunja daftari lake na kumkabidhi mwalimu. Ubaoni iandikwe jedwali la hesabu: mzunguko wa kwanza mtu 1, wa pili jumla 3, wa tatu 7, wa nne 15, wa tano 31, wa sita 63. Darasa la sitini lingekwisha katika mizunguko sita. Katika zoezi lenyewe tarakimu hupungua, kwa kuwa baadhi ya karatasi huwaangukia waliokwisha kupata. Mwalimu asiifiche tofauti hiyo, bali awaulize wanafunzi sababu yake.

Awamu ya pili, zoezi lirudiwe tangu mwanzo, ila safari hii kila ofisi iwe na mlinzi mlangoni mwenye orodha ya watu wanaoruhusiwa kuandikia ofisi yake, na asiyemo arudishwe. Wanafunzi watalalamika kwamba salamu zao halali zinachelewa. Malalamiko hayo ni mali. Ndiyo yale yale ambayo wafanyakazi wa ofisi za kweli huyatoa, na ndiyo yanayowafanya wakubwa waulegeze ulinzi. Awamu ya tatu, kabla msalaba haujaingia, ofisi moja itolewe nje chini ya mti pamoja na daftari lake, bila mjumbe. Baada ya mizunguko sita irudishwe, na madaftari mengine yaandikwe upya kutokana na lake. Hapo ndipo kisimuliwe kisa cha Ghana. Kikisimuliwa kabla, zoezi linapoteza utamu wake.

Tahadhari mbili. Karatasi ya kwanza yenye msalaba aitie mwalimu mwenyewe, asimteue mtoto. Tumeona darasa likimbandika mtoto jina la "kirusi" kwa wiki nzima baada ya mchezo wa namna hii, na kwa mtoto ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa, jina hilo si mzaha. Kwa sababu hiyo hiyo twapendelea kusema "programu haribifu" pale ambapo wengi husema "kirusi". La pili ni kwamba mwanafunzi mlinzi atapenda madaraka. Abadilishwe kila mzunguko.

Ofisi ya mwalimu mkuu

Mwanachuo asidhani kwamba mambo haya ni ya makampuni ya meli. Orodha za wanafunzi, tarehe zao za kuzaliwa, majina ya wazazi na alama za mitihani sasa hutumwa kwa mtandao, aghalabu kwa kompyuta moja iliyo katika ofisi ya mwalimu mkuu au kwa simu ya mwalimu wa taaluma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Kenya ina sheria kama hiyo tangu mwaka 2019. Jina la mtoto na alama zake ni taarifa zinazolindwa.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumeziona ofisi ambamo neno la siri limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na kubandikwa ukutani, juu ya ratiba, ili yeyote atakayekuwa zamu aweze kuingiza alama. Nia ni njema: kazi isisimame mwalimu mmoja anapougua. Lakini alama ikibadilishwa hapo, hakuna awezaye kujua nani ameibadilisha, na mwalimu asiye na hatia hana la kujitetea nalo. Mwanachuo mgeni hatakuwa na mamlaka ya kuing'oa karatasi ile, wala hatumshauri ajaribu siku ya kwanza. Aweza hata hivyo kukataa kwa adabu kutumia jina la mwalimu mwingine, na kuomba afunguliwe akaunti yake.

Jambo moja lipo ndani ya uwezo wake. Orodha ya darasa lake ainakili katika kidude cha flashi, akichomoe, na akikabidhi kwa mwalimu mkuu kifungiwe mahali pengine, si katika mtoto wa meza ya kompyuta ile ile. Nakala ya karatasi iwekwe pamoja nacho. Na mara moja kila muhula kifunguliwe katika kompyuta nyingine, mwalimu mkuu akiwapo, majina yahesabiwe, na idadi ilinganishwe na daftari la mahudhurio.